Utafiti wa Kikombe cha Shevanta

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Chuo kimetangaza nafasi moja ya kudumu ya mhadhiri wa sosholojia, somo la ukosefu wa usawa katika jamii. Moja tu. Mimi nimekuwa mhadhiri wa muda tangu enzi zile nilipokuwa na nywele. Mkataba wangu hufa kila Mei na kufufuka kila Julai, na hapo katikati najiita mtafiti huru.

Bila nafasi hii hakuna ndoa. Baba yake Madhura, yule binti wa mji wa Satara ninayemposa, alishasema waziwazi kwamba binti yake hawezi kuolewa na mtu wa muda. Mama hutokwa na machozi kila tukipita mbele ya ukumbi wa harusi.

Wagombea tuko wawili. Mimi na Ujwala Kamble. Ushindani usio wa haki kabisa! Mimi ni Mbrahmini, tabaka la juu kabisa, wa mtaa wa Sadashiv Peth hapa Pune, unyonge nimejifunza vitabuni, kwa jasho. Yeye amezaliwa humo humo. Babu yake, wa tabaka la wasioguswa, alikatazwa kuchota maji kisimani, mama yake alifagia barabara za Pune, na mtaani kwetu jina la Kamble peke yake linatosha kumbakiza mtu mlangoni. Uwandani kwake ni nyumbani kwake! Mimi mpaka nipande bajaji. Usawa uko wapi hapo?

Mwenye kauli ya mwisho ni Profesa Kirtane. Vitabu vyake juu ya usawa vinajaza kabati zima. Anataka kila mmoja wetu afanye utafiti mpya, atakuja kuuona kwa macho yake uwandani, kisha tuuwasilishe mbele ya kamati. Nikamwambia wangu umeshaiva. Sina hata kichwa cha habari.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwenye vibanda vya kando ya mto. Nilivaa lile shati la pamba ya kusokotwa kwa mkono, ambalo hulivaa ninapokuwa upande wa wanyonge. Nikashika kalamu na ubao wa kuandikia. Hilo ndilo lililoniponza.

Mama mmoja akaniuliza kama natoka idara ya maji. Nikajibu kwamba kwa namna fulani nashughulika na mgawanyo wa rasilimali. Kufumba na kufumbua nimezungukwa na ndoo! Kila mtu ananieleza jinsi bomba lao lilivyokauka tangu sikukuu ya Holi, mwezi Machi. Ningeweza kuwasahihisha. Lakini mtu mmoja alileta kiti, mwingine akaleta bhajia za vitunguu za moto, na wote wakanitazama mdomoni. Darasani sijawahi kusikilizwa namna hiyo. Nikaahidi bomba. Nikaona wanafurahi, nikaahidi mawili.

Kisha mzee mmoja akaomba jina na namba ya simu, wasije wakanipoteza. Jasho likanitoka. Nikampa namba ya Ujwala Kamble.

Huko sirudi tena. Uwanda umenifia mikononi siku ya kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Nimepata!

Asubuhi nilikuwa jikoni nakula poha, ule mchele wa kupondwa, huku nikiomboleza maisha yangu. Shevanta alikuwa amekaa chini karibu na mlango wa nyuma, anakunywa chai. Shevanta ndiye anayetuoshea vyombo, kutufulia na kutupigia deki tangu mimi navaa kaptura. Kikombe chake kimeng'oka mkono. Kikombe hicho hukaa peke yake kwenye kidirisha cha nje, karibu na bomba, mbali na vikombe vyetu. Yeye hukiosha mwenyewe. Mama humimina chai kwa juu, birika lisiguse ukingo. Nimekiona kikombe hicho kila siku ya maisha yangu, ila leo ndipo nilipokitazama.

Poha ikanipalia. Uwanda huu hapa! Jikoni kwetu! Na chai juu!

Mpango wangu ni huu. Nitaondoa kikombe cha Shevanta, nitaleta vikombe vinavyofanana, Shevanta atakaa mezani pamoja nasi, na mimi nitaandika mapinduzi yanavyokwenda. Kirtane akija atayakuta yamekamilika. Ujwala atakula kijicho hadi ashibe.

Nikaanza mahojiano papo hapo. Nilimuuliza Shevanta anajisikiaje kuwa ngazi ya chini kabisa ya jamii. Akaniomba ninyanyue miguu apige deki. Nikanyanyua, nikamweleza mpango. Nilitegemea machozi ya furaha. Akakamua tambara, akaniangalia.

“Kaka, hicho kikombe nimeshakizoea. Nyumba hii ndiyo inayonilisha, na wewe unataka kuichokonoa. Mama akichukia, wewe utapata cha kuandika. Mimi nitaonyeshwa mlango.”

Nimeandika pembeni: mtafitiwa hatambui unyonge wake. Kazi ipo!

Mama naye alinisikiliza huku amefumba macho. Nikamkumbusha kwamba nafasi ya kudumu ndiyo Madhura, na Madhura ndiye wajukuu. Mwishowe akauliza kama utafiti huu hauwezi kufanywa kwa mfanyakazi wa jirani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimenunua vikombe sita, vyeupe, vyenye mstari wa buluu. Vinafanana kama mayai. Kile cha zamani nimekifunga kwenye gazeti na kukiweka kabatini kwangu kama kielelezo.

Siku ya kwanza ya usawa! Shevanta alikaa kitini. Kwa kweli alikaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa mpaka chai ikaota ngozi juu. Nilimwambia ajisikie yuko kwao. Akasema kwao angekuwa ameshamaliza kunywa.

Mama hakutokea mezani. Alisema anafunga. Nikauliza anafunga kwa ajili ya nini, maana kalenda ukutani haina mfungo wowote leo. Akasema wenye imani hawaangalii kalenda. Alifunga kwa sahani mbili za sago ya karanga, chumbani, mlango umefungwa.

Ijumaa, 7 Juni

Mama ametulia ghafla. Asubuhi amekuja mezani, amekunywa chai na sisi, hata amemwuliza Shevanta habari za mguu wake. Nilistaajabu. Ndani ya siku moja nimebadilisha mfumo wa tangu na tangu! Wapo waliokwenda jela kwa jambo hili na hawakufika nilipofika.

Chuoni nikakutana na Ujwala kwenye chumba cha walimu. Simu yake ilikuwa inaita bila kukoma. Akasema watu wa kando ya mto wanamtafuta juu ya bomba aliloahidi, naye hakumbuki kuahidi bomba. Nikasema dunia ina mambo. Nikabadili mada haraka, nikamdokezea habari za utafiti wangu. Dokezo likaniponyoka, nikamwaga yote, mpaka mstari wa buluu.

Hakuonyesha kijicho hata kidogo. Aliuliza swali moja tu, kwamba miaka yote hiyo Shevanta anakunywa chini mlangoni, mimi nilikuwa nimekaa wapi. Nikajibu kwamba nilikuwa nakusanya data.

Akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. “Unakumbuka nilipokuletea karatasi za mtihani? Nilikunywa chai kwenu. Mama yako alinipa kwenye kikombe cha karatasi, cha kutupa. Wewe ulikuwa unakunywa kwenye cha udongo.”

Nilimweleza kwamba mama ni mtu wa usafi sana, na tena ilikuwa msimu wa mvua. Akasema ndiyo, alilowa. Mtu ana kinyongo huyu! Lakini mfano ni mzuri. Nimeuingiza katika ripoti, sura ya kwanza. Sikutaja jina lake, maana sipendi kumpa faida.

Jumamosi, 8 Juni

Nimegundua siri ya utulivu wa mama.

Nilikuwa napanga vikombe ili nivipige picha. Kimoja kikanigeukia mkononi. Chini yake, katikati kabisa, nukta nyekundu. Rangi ya kucha! Nikageuza vingine. Vitupu. Mama ametia alama kikombe cha Shevanta, na kila asubuhi anahakikisha kinamfikia mwenyewe.

Hasira ilinipanda. Nilichukua kisu nikwangue ile nukta, nikaelekea chumbani kwa mama kumwambia ukweli wake. Nikafika mlangoni. Ndipo nilipopata wazo, nikasimama pale pale na kisu changu.

Hii si aibu, haya ni matokeo! Tabaka tawala likibanwa hubuni mbinu mpya! Sura nzima hii, tena yenye picha! Na mtafiti makini haingilii uwanda wake. Nikirudisha kisu hakuna atakayejua, mambo yataendelea kama yalivyo, na data itabaki safi.

Nikakirudisha. Shevanta sikumwambia. Angejisikia vibaya, na mtu akijisikia vibaya hubadilisha tabia, na tabia ikibadilika matokeo yanaharibika. Kwa hiyo nimemficha kwa faida ya sayansi.

Jumatatu, 10 Juni

Kesho ndiyo kesho. Kirtane anakuja kwetu kunywa chai.

Leo amekwenda kwa Ujwala. Eti Ujwala alipochoshwa na zile simu aliamua kwenda kando ya mto, akawachukua akina mama na ndoo zao, wakaenda kukaa kwenye ngazi za idara ya maji mpaka fundi akatoka. Bomba linatoka maji! Sasa ndio utafiti wake mpya, “Foleni ya Maji na Madaraka”. Kirtane kaonyeshwa kila kitu, kaimbiwa, kavishwa shada la maua. Kwa namba niliyotoa mimi! Na hakuna anayenishukuru.

Kibaya zaidi, Kirtane ameamua kuja kesho pamoja na Ujwala. Wagombea wasikilizane, anasema.

Mama nimemwandaa. Atakaa meza moja na Kirtane, mimi, Shevanta na Kamble. Nilipotaja hilo jina la mwisho alishika ukuta. Nikasema “Satara”. Akauachia ukuta.

Shevanta nimemwomba avae sari yake ya zamani, ile iliyochanika pembeni, ili uwanda uonekane. Aseme kwa uhuru lolote lililo moyoni mwake. Nimemwandikia na la kusema, tumelifanyia mazoezi mara kadhaa. Bado anakosea neno “kimuundo”.

Jumanne, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Shevanta alikuja na sari ya harusi ya mpwa wake, ya kijani, inang'aa, na maua kichwani. Alionekana kama mwenye nyumba. Mama, kwa uchungu wa kumwona Ujwala akipita sebuleni hadi ndani, alikuwa amevaa sari ya kushindia. Kirtane alipoingia aliinama akamsalimu Shevanta kwa heshima zote, akamuuliza habari za mwanawe mhadhiri. Nikacheka sana. Nilicheka peke yangu.

Tukakaa. Nikatoa hotuba fupi juu ya meza kama uwanja wa usawa. Kirtane alitikisa kichwa kukubali, akafumba macho, akasema kwamba nchi hii ingepona siku wote watakapokunywa chai kutoka birika moja. Nikamwambia Shevanta atuletee hiyo chai. Ilikuwa lazima mtu ailete, na haikunijia akilini kwamba anaweza kuwa mtu mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Kila siku ni mama anayepanga vikombe. Leo mama alikuwa amekaa kama mgeni, kwa amri yangu. Vikombe alivipanga Shevanta, ambaye hajui lolote kuhusu nukta.

Akamimina. Akagawa. Mama alikuwa anahesabu chini ya meza kwa vidole, kama mchezaji karata. Kirtane akanyanyua kikombe chake, akanywa funda kubwa, akakiinua kidogo kukisifia kwa mstari wake wa buluu. Mimi niliyekaa mbele yake nikaiona nukta nyekundu inanitazama. Mama naye akaiona.

“Sio hicho!” mama akapiga ukelele. “Profesa, weka chini, sio hicho!”

Kirtane akakigeuza kikombe.

Ningeweza kusema ni alama ya kiwanda. Ningeweza kusema lolote. Lakini Kirtane ni mtu wa Pune, kazaliwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Hakuna aliyemweleza na hakuuliza. Aliitazama ile nukta, akamtazama Shevanta. Akakiweka kikombe chini taratibu sana. Akaomba aonyeshwe maji yalipo.

Tulimsikia akisukutua. Akasukutua tena. Mtaalamu wa usawa wa taifa zima alikuwa kwenye karo letu, akikoroma kama bomba lenye hewa. Alirudi akifuta masharubu, akasema iliki ilimkwama kooni.

“Iliki?” Ujwala akauliza. “Mimi nimeonja tangawizi tupu.”

Mama hatii iliki kwenye chai ya watu wengi.

Shevanta alikuwa bado amesimama na birika. Akaliweka. Akachukua kile kikombe, akakigeuza. Akachukua cha mama, akakigeuza, kisha changu, kisha cha Ujwala, chai ikimwagika kwenye kitambaa cha meza. Wala hakupandisha sauti.

“Kile cha zamani nilikijua ni changu,” alimwambia mama. “Kwa hiki mmenikalisha kitini na kunifanya mjinga.” Kisha akanigeukia. “Kaka, wewe ulijua?”

Nilimjibu kwamba mtafiti haruhusiwi kuingilia uwanda wake. Nilidhani ataelewa, maana tulifanya mazoezi vizuri tu. Akachomoa maua kichwani, akayaweka mezani, akatoka kwa mlango wa mbele. Ujwala akainuka akamfuata. Chai yake alikuwa ameimaliza.

Kirtane alikula vitumbua vyote.

Jumatano, 12 Juni

Mama amemfukuza Shevanta. Alikuja asubuhi kama kawaida, na sari yake ya kazi, na mama akamzuia nje. Kosa lake ni kumdhalilisha mgeni kwa kuchanganya vyombo. Nilisikia kila kitu nikiwa nyuma ya pazia. Shevanta alisema alivipanga vikombe vilivyofanana, angejuaje? Mama akasema mtu mwenye adabu angehisi.

Nilijiandaa kuingilia kati. Kweli kabisa. Hata viatu nilivaa. Lakini nikafikiri: mfanyakazi kuondolewa ndilo hitimisho hasa ambalo ripoti yangu ilikosa. Jaribio lina mwanzo, lina kati, na sasa lina mwisho! Je, mtafiti aharibu mwisho kwa sababu tu amemzoea mtu?

Nimeandika bila kupumua hadi mchana. Chakula kimechelewa. Vyombo vya jana bado viko kwenye karo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda kwa Shevanta kumhoji anavyojisikia kufukuzwa, kabla hisia hazijapoa.

Chumba chake ni kimoja, safi kuliko chetu. Nilikuta wanawake kadhaa wamekaa naye, wote wanafanya kazi za ndani mtaani kwetu. Walinyamaza nilipoingia. Shevanta alinipa kiti, akanipa chai kwenye glasi. Sikuinywa. Si kwa sababu ile! Tumbo tu, asubuhi lilikuwa limenisumbua, au lingeweza kunisumbua. Niliishika glasi mpaka ikapoa. Wale wanawake waliniangalia mikono muda wote, watu hawana adabu.

Akasema mama ameshazunguka nyumba zote za mtaa kutangaza kwamba yeye si mtu wa kuaminiwa na vyombo. Hakuna mlango uliofunguka. Akaniuliza kama nimemwambia mama kwamba kosa si lake. Nikamtuliza, nikamwambia limo kwenye ripoti, sura ya tatu, aya nzuri sana.

“Mama yako husoma ripoti zako?”

Nikakiri kwamba hasomi.

“Basi nani atamwambia?”

Nikaeleza kwamba sayansi huenda polepole. Nikamwahidi kumshukuru ukurasa wa mwanzo, bila kutaja jina, kulinda heshima yake. Akainuka, akaichukua glasi mkononi mwangu, akaimwaga chai mferejini, mbele ya watu. Akasema nimsalimie mama.

Mahojiano hayakukamilika. Mtafitiwa alikuwa na hasira.

Jumamosi, 15 Juni

Mimi ndiye mhadhiri wa kudumu! Mimi! Wa kudumu!

Kabla ya kuingia mbele ya kamati Kirtane alinivuta kando kwenye ujia. Akasema msomi wa kweli hujulikana kwa anachokiacha nje ya ripoti. Nikamwambia mimi nakumbuka iliki tu. Akanishika bega, akasema nina mustakabali.

Ujwala alitangulia. Alizungumza bila karatasi, habari za maji, ndoo, na nani hungoja nani. Akina mama wa kando ya mto walikuwa wamekaa nyuma, wakapiga makofi mahali pasipofaa. Mimi nikafuata na picha ya nukta nyekundu, imekuzwa ikajaa ukuta. Kamati ikaguna kwa mshangao. Kirtane akakohoa.

Uamuzi umesema kwamba utafiti wa Dokta Kamble una joto mno. Mtu aliye ndani ya jambo halioni vizuri. Wa Pendse, ndiye mimi, una kile kitu adimu katika sayansi ya jamii, yaani umbali. Nilisimama pale nikafikiri, umbali gani, ni hatua chache tu kutoka chumbani kwangu hadi jikoni. Lakini sikusema.

Ujwala alinisubiri mlangoni. Nilijua atakuja na machozi, nikawa nimetayarisha maneno ya kumfariji. Hakuwa na machozi.

“Hongera, Shrirang. Sasa utalipwa kuwafundisha watu ulichomfanyia Shevanta.”

Sentensi nzuri! Nikamwomba ruhusa ya kuinukuu. Akaondoka bila kujibu, nimelichukulia kama ndiyo.

Jumanne, 18 Juni

Furaha ina mipaka. Hatuna mtu wa kuosha vyombo.

Mama ametafuta mtaa mzima. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana msiba, wa tatu alisema ana mgonjwa halafu akasahau akasema ana msiba. Leo amepatikana mmoja kutoka mtaa wa tatu. Aliingia jikoni, hata hakusalimia, akafungua kabati, akageuza vikombe kimoja kimoja. Mama alikuwa ameshatia nukta mpya. Ya kijani safari hii. Yule mwanamke akafunga kabati akaenda zake.

Ni mgomo! Shevanta kawapanga! Na wala hana shida tena. Nasikia amepata kazi ng'ambo ya mto, kwenye magorofa mapya. Mbali, kwa miguu na mguu wake ule mbovu. Wanasema kule walimkaribisha chai siku ya kwanza, akakataa. Hubeba yake nyumbani kwenye chupa, hunywa akishatoka nje ya geti. Nimewaza jambo hilo sana, kwa dakika kadhaa. Ni ukaidi tu. Mtu anapewa chai anakataa!

Alhamisi, 20 Juni

Karo limejaa hadi bomba halionekani. Tumeanza kulia chakula kwenye vifuniko vya sufuria. Nilimuuliza mama kama hatuwezi kuosha wenyewe. Akanipima homa kwa kiganja.

Wiki ijayo natoa mhadhara wangu wa kwanza wa kudumu: “Nani Huosha Vyombo?” Nilikaa mezani kuuandika, sikuweza kuweka karatasi kwa sababu ya vyombo. Ndipo lilipokuja wazo, kubwa kuliko yote ya mwezi huu.

Nimempigia simu baba yake Madhura. Nafasi ya kudumu ipo, nikamwambia, tusingoje, tufunge ndoa mwezi ujao kabla msimu wa harusi haujafungwa. Na mahari, ambayo kwetu hutolewa na baba wa binti, sitaki hata rupia! Mimi ni mtu wa usawa! Mzee alilia kwa furaha.

Kisha nikaomba niongee na Madhura mwenyewe, kama mtu wa kisasa. Ana shahada ya kemia. Akauliza maisha yake yatakuwaje Pune. Nikamwambia atakuwa huru kabisa, kwangu hakuna kuamrishana, asubuhi ataamua mwenyewe aanze na vyombo au aanze na sakafu. Akamrudishia baba yake simu papo hapo. Binti ana haya, vizuri sana.

Mama amefurahi mpaka ameacha kufunga. Mimi nimefungua faili jipya. Kirtane anataka kitabu, na kitabu kinahitaji sura nyingine, na sura hiyo itahusu wake za watu waliosoma. Safari hii sihangaiki kutafuta mtafitiwa. Anaingia mwezi ujao kwa basi la Satara.